Ukikimbia Usambara, mpishe mwenye mzigo

Wanaokuja Lushoto kukimbia huniuliza swali moja kuliko yote: kilomita ngapi? Kutoka mjini mpaka Irente ngapi, mpaka Magamba ngapi, Mambo mpaka Mtae ngapi. Ninajibu pale ninapojua, lakini kwa milima yetu jibu hilo halimfikishi mtu mbali. Kilomita moja ya barabara ya Yoghoi unaweza kuikimbia huku unaongea. Kilomita moja ya mkato unaopanda kutoka bondeni itakushika kiuno, itakunyamazisha, na saa yako ya mkononi itaonyesha mwendo ambao huko kwenu mtu hutembea akienda dukani. Mama yangu akikuelekeza mahali hakutajii umbali. Anakuambia utafika jua likiwa wapi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Lushoto mjini. Nimezaliwa katika kitongoji kilicho juu ya Mlalo, na mbio zangu ni za alfajiri, kabla sijafungua kibanda. Ninaandika haya kwa sababu vijana wengi siku hizi wanapanda huku wikiendi wakiwa na viatu vizuri na programu ya simu inayochora njia, na nina jambo moja ninalotaka walijue kabla ya mengine yote: njia hizi hazikutengenezwa kwa ajili yetu sisi tunaokimbia. Ni njia za watu wanaokwenda shamba, sokoni, shuleni, kisimani, zahanati na msibani. Ukilijua hilo utakimbia vizuri zaidi, na salama zaidi.

Nianze na kupanda, kwa kuwa ndiko wageni wanakochokea. Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: hesabu saa moja kwa kila maili 3 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda. Kwa vipimo vyetu, kila mita 100 za kwenda juu zinakudai kama dakika 10 za ziada. Ni kanuni ya mtembeaji, lakini hata mkimbiaji inamfaa, maana inamzoesha kuuliza mlima kwanza na umbali baadaye. Mombo iko chini kabisa, mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini tuko karibu mita 1,400. Hizo mita 1,000 peke yake ni zaidi ya saa moja na nusu, kabla hujahesabu kilomita 33 za barabara yenyewe.

Na kwa kuwa nimeitaja barabara ya Mombo, naomba usiikimbie. Najua inavutia. Ni lami, ina maporomoko ya Soni katikati ya safari, na picha zake mtandaoni zinapendeza. Lakini ni nyembamba, kona zake hazionyeshi kilicho mbele, na malori ya kabichi na karoti yanayoshuka kwenda Dar es Salaam hayana pa kukukwepea. Kibaya zaidi ni bodaboda wanaozima injini na kuiachia pikipiki ishuke yenyewe ili kubana mafuta. Pikipiki ya namna hiyo haina mlio. Inakufikia mgongoni hujasikia kitu. Kama ni lazima upite kipande cha lami popote katika milima hii, pita upande unaotazamana na magari na usiweke kitu masikioni.

Sasa nirudi kwa watu. Huku kwetu mtu mzima akikimbia kuna jambo. Kuna mgonjwa amezidiwa, kuna msiba, kuna nyumba inaungua, au kuna mwizi. Nilipoanza kukimbia njia za vijijini, wazee walikuwa wanasimama na majembe yao kuniangalia mpaka nipotee. Mzee mmoja wa upande wa Yoghoi alitoka shambani kwake haraka akanizuia kwa mkono. "Mwanangu, nani kafariki?" Hakuwa ananitania. Alikuwa tayari kuacha kazi yake na kunifuata. Toka hapo nimejiwekea utaratibu ambao siuvunji: nikiona mtu mbele, ninapunguza mwendo kabla sijamfikia, ninamwamkia, na kama hanijui ninamwambia ninafanya mazoezi. Kwa wakubwa shikamoo inatosha, lakini ukisema "onga maundo" asubuhi au "onga mshi" mchana, uso wa mtu unafunguka. Salamu ya Kisambaa haipokelewi kwa neno moja. Utaulizwa umeamkaje, nyumbani hawajambo, unatoka wapi. Jibu. Dakika unayoiacha pale haikupunguzii kitu, na siku ukiteguka mguu peke yako msituni, anayejua umepita ni huyo uliyemwamkia.

Halafu mpishe mwenye mzigo. Hii kwangu ni sheria. Siku za soko njia za milimani zinajaa akina mama wenye matenga kichwani, vijana wenye magunia ya viazi mgongoni, watoto wenye mafungu ya kuni. Mwenye mzigo hawezi kusimama ghafla wala kukanyaga pembeni. Akiyumba kidogo, mzigo ndio unaoamua. Kwa hiyo wewe ndiye unayetoka njiani. Toka mapema, upande wa juu wa mlima, simama kwenye ukingo, na angalia unakanyaga nini, kwa sababu ukingo huo mara nyingi ni tuta la mtu lenye miche ya kabichi iliyohamishwa jana. Sisi na matuta tuna historia ndefu. Bonde la Mlalo ndiko serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1940 na 1950, ilikotaka kuwalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri, na wakulima wakaikatalia mpaka mpango wenyewe ukafa. Matuta unayoyaona leo yamechimbwa na wenye mashamba kwa mikono yao, kwa sababu wameamua kulinda udongo wao. Kuyaruka kwa viatu vya meno ili ujiokolee sekunde kumi ni kumkosea mtu adabu.

Jifunze siku za soko. Lushoto ni Jumapili na Alhamisi, Soni ni Jumanne na Ijumaa, Mlalo na Sunga ni Jumatano. Siku hizo mikato inayoingia mji husika haikimbiliki asubuhi, wala haifai kuilazimisha. Nenda upande mwingine, au tembea pamoja na watu. Mimi Alhamisi nikitaka kwenda Irente naondoka kabla hakujapambazuka vizuri, ili wakati wanateremka kuja sokoni nami niwe nimeshafika juu.

Hao wabeba mizigo ndio walionifundisha kupanda. Mwangalie mama mwenye tenga akipanda mkato wa kutoka bondeni. Hatua fupi sana, unyayo wote chini, kiwiliwili hakiyumbi, na hasimami. Vijana wanaompita kwa kasi pale chini atawakuta juu wameinama, mikono magotini. Kwenye mpando mkali mtu anayetembea kwa hatua fupi na anayejikongoja kwa kukimbia wanakwenda karibu sawa, ila mmoja anafika akiwa na pumzi. Kwa hiyo mlima ukikaza, tembea. Weka viganja juu ya mapaja na usukume ukipenda, linganisha pumzi na hatua, na uanze kukimbia tena pale njia inapolala. Kama umetoka Dar au Tanga mjini, siku mbili tatu za kwanza utahisi pumzi haitoshi; hapa hewa ni nyepesi kuliko pwani, na ukipanda kwenda Magamba inazidi kuwa nyepesi. Mwili unazoea. Usiulazimishe.

Kushuka ndiko kunakoumiza, ingawa ndiko watu wanakokufurahia. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutika na kurefuka huku imebeba uzito wako wote, na nyuzi zake zinapata michubuko midogo midogo. Husikii maumivu siku hiyo. Unasikia kesho yake na keshokutwa, unaposhindwa kukaa kwenye kigoda. Dawa yake ni kushuka kidogo kidogo wiki kwa wiki, maana misuli iliyokwisha kuonja mteremko haiumii sana mara nyingine. Punguza urefu wa hatua, usiegemee nyuma, na macho yaangalie hatua tatu nne mbele, siyo miguuni.

Njia ya kumwanzishia mgeni ni Irente. Kutoka mjini ni kama kilomita sita kwenda, unapita Yoghoi, kupanda kwake ni kwa taratibu na sehemu kubwa ni barabara ya udongo pana. Unapita katikati ya migomba, mahindi, misilva, nyumba za watu, shule. Halafu ghafla mlima unakatika. Chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, barabara kuu ya kwenda Same na Moshi, na baada ya hapo nyika ya Wamasai mpaka macho yanapoishia. Pale Mazinde ndipo alipokuwa Semboja, mtawala wa Kisambaa, katika karne ya 19, akiikamata biashara ya misafara iliyokuwa ikipita bondeni wakati mambo ya Vugha, makao ya mfalme wa Wasambaa, yalipokuwa yamevurugika. Ukisimama juu ya jabali unaelewa kwa nini alipataka: hakuna kinachopita kule chini usikione. Usisogee ukingoni ukiwa na jasho na miguu inatetemeka. Hapo mwamba uko wazi na asubuhi unateleza kwa umande. Wakati wa kurudi pita shamba la Irente. Wana jibini, mkate mweusi na jamu ya matunda ya huku, na kwa mtu aliyetoka kukimbia sijui chakula kinachozidi hicho.

Magamba ni kwa siku nyingine, ukiwa umezoea. Kutoka mjini barabara inapanda tu, na sitakudanganya kuwa kipande hicho kina raha. Raha inaanza ukiingia msituni. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unalipa kiingilio na unachukua mtu wa kukuongoza. Lipa bila kunung'unika. Maji tunayokunywa mjini na yanayomwagilia mboga mabondeni yanatoka katika misitu ya namna hii. Ndani kuna njia pana za zamani, ardhi imefunikwa majani yaliyooza, laini, na magoti yaliyochoshwa na barabara yanapona pale. Kuna miti mikubwa ya mkulo ambayo watu wanne hawaikumbatii, kuna mipodo, na juu kabisa mbega wanaruka na mikia yao yenye ncha nyeupe. Kinyonga wapo wengi, wengine wana pembe. Ninajua watu wetu wengi wanamwogopa kinyonga; msichana mmoja ninayekimbia naye alikuwa akimwona anarudi mbio alikotoka. Sasa anasimama mbali, anamwangalia avuke.

Ukungu wa Magamba uheshimu. Unaweza kuingia jua likiwaka na baada ya nusu saa usimwone mwenzako aliye hatua ishirini mbele. Hali ikiwa hivyo hatukimbii. Tunatembea tumeshikana karibu na tunarudi kwa njia tuliyoijia, hata kama ramani ya simu inaonyesha mkato. Chini ya miti mikubwa simu hupoteza mahali ilipo, na kwenye miteremko mikali hupima umbali vibaya. Chukua koti jepesi la mvua hata kama mjini anga ni jeupe. Mwezi wa saba na wa nane baridi ya asubuhi inauma vidole.

Njia ninayoipenda kwa moyo wangu wote iko mbali: Mambo mpaka Mtae, kwenye ncha ya kaskazini magharibi ya milima. Unapanda basi Lushoto, unapita Malindi na Lukozi, safari ya saa kadhaa kwenye barabara ya udongo, na inafaa kulala hukohuko. Mtae imekaa juu ya mgongo wa mlima, pande zote mbili ardhi inaanguka. Ukikimbia alfajiri kwenye mgongo huo unaona Mkomazi chini, milima ya Upare ng'ambo, na siku mawingu yakikubali unaiona Kilimanjaro. Upepo ni mkali. Watu ni wakarimu sana, na wana muda wa kuongea kuliko sisi wa mjini. Nikiwa kule sivai saa.

Mlalo sikuelekezi, kwa sababu kule sikimbii kama mkimbiaji. Ninakimbia kama mtoto wa pale, ninasimama kila nyumba.

Machache ya kubeba. Maji yako mwenyewe: mabondeni kunalimwa mboga mwaka mzima na mboga zinapigwa dawa, kwa hiyo mto ukiwa safi kwa macho usikushawishi. Viatu si lazima viwe vya bei mbaya. Raba za mitumba zenye meno ya kina zinapatikana sokoni Lushoto ukizitafuta kwa subira, na udongo wetu mwekundu ukilowa hakuna kingine kinachoshika. Kandambili za wakulima zinashika kwa sababu miguu iliyomo ndani yake imezijua njia hizo tangu utotoni, usiwaige. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, acha kabisa mikato mikali ya bondeni. Kingo hubomoka.

Nimebakiza la wasichana, na ndilo linalonifanya niandike.

Mtoto wa kike wa milimani anakimbia tangu akiwa mdogo. Anakimbia mchakamchaka shuleni, anakimbia kuwahi namba, anakimbia kurudi kuteka maji. Nimewaona wa darasa la nne wakipanda mkato kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo. Kisha akifika kidato cha kwanza au cha pili anaacha. Wengine wanapelekwa Dar es Salaam au Tanga kufanya kazi za ndani. Waliobaki wanaambiwa wamekua, kukimbia barabarani ni aibu, suruali haifai, watu watasema nini. Kaka zao hawaambiwi. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia kule Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari kwa sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, watoto wa huku walikimbia barabarani wiki nzima wakijiita Simbu. Wa kike pia walijiita Simbu. Nilisimama mlangoni kwa kibanda changu nikiwaangalia, nikasema hawa hatuwezi kuwaacha.

Mimi kazi yangu ni nguo, nikaanzia hapo. Ninashona sketi pana ya kitambaa cha jezi, inafika chini ya goti, ndani ina taiti iliyoshonewa kiunoni hapohapo ili isipande wala kuteleza. Kwa wanaovaa hijabu ninashona ya kitambaa hichohicho, fupi, isiyohitaji pini. Mzazi aliyekataa suruali anaishika ile sketi, anaigeuza, anaivuta, anaona binti yake atakuwa amestirika hata akiruka mfereji. Wengi hukubali palepale. Kitambaa siwatozi wasio nacho. Ushonaji ni wangu.

Jumamosi asubuhi tunakutana karibu na stendi, saa kumi na mbili na nusu, wakubwa kwa wadogo, na hatukimbii kushindana. Anayetangulia anasubiri kila njia panda. Tukimkuta mwenye mzigo tunatoka njiani wote, na mdogo kuliko wote ndiye anayeamkia kwanza. Wazee wa Yoghoi wameshatuzoea. Siku tusipopita wanauliza.

Kuna binti mmoja wa upande wa Magamba, wa kidato cha pili, anayepanda kuliko wote niliowahi kuwaona hapa. Mama yake ameshachukua sketi. Baba yake hajakubali. Nimeongea naye mara ya kwanza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri. Sasa yuko kwenye mavuno ya viazi kutwa nzima, na maongezi ya namna ile hayafanyiki mtu akiwa amesimama na jembe. Akimaliza kuvuna nitapanda tena kwake, na safari hii nitakwenda na shangazi yake.